Ukoko wa risasi mtutuni hauletwi na ulaini, huletwa na kipimo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili nijibu ushauri aliopewa msomaji mwenzetu aliyeuliza, majuma mawili yaliyopita, kwa nini bastola yake ya silinda, yaani ile yenye gurudumu la matundu linalobeba risasi, inajaa mabaki ya madini ya risasi mtutuni kila anaporudi kutoka kiwanja cha kulenga shabaha. Alijibiwa kwa aya moja yenye mambo matatu: anunue risasi ngumu zaidi, amalizie mazoezi kwa kupiga risasi tano au sita zilizovikwa shaba ili zikombe uchafu, na kitakachosalia akisugue kwa nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Jambo la kwanza litammalizia fedha na huenda likamzidishia tatizo, la pili lina hatari, na la tatu litaharibu mtutu ambao risasi yenyewe isingeuharibu hata baada ya miaka hamsini. Kwa kuwa aliyejibu alijibu kwa nia njema, nami najibu kwa nia hiyo hiyo, lakini siwezi kunyamaza.

Nilijifunza kukereza vyuma katika karakana ya kutengeneza meli hapa Mombasa, kisha nikafanya kazi miaka tisa katika karakana ya bunduki huko Marekani, nchi ambako watu wengi huyeyusha risasi na kuimimina kwenye kalibu majumbani mwao na sheria haiwazuii. Kwetu ni tofauti. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni ya kazi hiyo, na barua hii haikusudii kumfundisha mtu kuzitengeneza. Namwandikia mwenye leseni yake mkononi, anayenunua risasi za kiwandani zisizovikwa shaba, pamoja na ndugu zetu walio ng'ambo ambao humimina zao kwa mujibu wa sheria za huko waliko.

Kabla sijaendelea, niseme neno kuhusu lugha. Kiswahili kimeyapa jina moja madini na kile kinachotoka mtutuni, vyote ni risasi, na hapa jina hilo moja litatuchanganya. Kwa hiyo nitakapotaja madini nitasema risasi, na nitakapotaja kile kinachoruka kwenda kwenye shabaha nitasema kichwa. Pale neno risasi litakapobaki kwa kitu kizima kinachopakiwa bastolani, yaani kichwa pamoja na ganda lenye baruti, maneno ya jirani yake yatalionyesha. Kilichoganda ndani ya mtutu nakiita ukoko, kwa sababu ndivyo kilivyo: kama vile wali unavyoshika chini ya sufuria pale moto ulipozidi na maji yalipopungua, ndivyo risasi inavyoshika kwenye chuma pale joto lilipozidi na kichwa kilipopungua upana.

Mtu ambaye hajauona ukoko huo atadhani ni masizi. Masizi ya baruti hutoka kwa kitambaa chenye mafuta mara mbili tatu, na mtutu ukang'aa. Ukoko hautoki hivyo. Ukiutazama mtutu dhidi ya mwanga wa dirisha, utaona kingo za mifereji, ile iliyochongwa kwa kuzunguka ndani ya mtutu ili kukizungusha kichwa, ambazo zilikuwa kali kama zimechongwa jana, zimekuwa butu, na pembeni mwake pana michirizi ya kijivu inayong'aa kwa unyonge. Ukisukuma burashi kavu ya shaba kwa nguvu, juu ya karatasi nyeupe uliyotandika huanguka vipande vyembamba vilivyokunjamana kama ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Hiyo ndiyo risasi. Na bastola yenye ukoko wa namna hiyo haipigi tena inapolenga: vichwa huanza kuyumba, na penye shabaha, badala ya tundu la mviringo, huonekana tundu refu, ishara kwamba kichwa kilifika kikiwa kimelala ubavu.

Sasa, kwa nini risasi ikaganda? Watu wengi hufikiri kwamba risasi ni laini, chuma ni kigumu, basi laini ikisuguana na kigumu lazima iache mabaki, mfano wa chaki na ubao. Ingekuwa hivyo, bunduki ndogo za ukubwa wa .22 zisingefaa kitu. Vichwa vyake vya kawaida ni risasi karibu tupu, yaani isiyochanganywa na madini mengine, laini kiasi cha kukwaruzwa kwa ukucha, navyo hutoka kwa kasi ya mita zaidi ya 300 kwa sekunde; hata hivyo watu hupiga maelfu ya risasi hizo na mtutu ukabaki safi au ukawa na uchafu kidogo sana. Siri yake ni kwamba kichwa kimetoshea mtutu barabara na kimepakwa nta. Huo ni ushahidi ambao kila mwenye .22 anao nyumbani kwake, na unatosha kuutilia shaka ushauri wa kutafuta ugumu kabla ya kutafuta kitu kingine chochote.

Kinacholeta ukoko, mara nyingi kuliko sababu nyingine zote, ni gesi. Fikiria pampu ya baiskeli ambayo kile kingozi chake cha ndani kimekauka na kusinyaa. Unasukuma, lakini upepo unapita pembeni. Ndani ya mtutu si upepo, ni gesi ya baruti yenye joto linalopita mbali kiwango cha kuyeyuka kwa risasi, ambacho ni nyuzi 327 za Selsiasi tu, na inasukumwa kwa shinikizo la maelfu ya pauni kwa kila inchi mraba. Kichwa kikiwa chembamba kuliko kipenyo cha mifereji, yaani upana wa mtutu ukipimwa toka chini ya mfereji hadi chini ya mfereji wa upande wa pili, hata kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, gesi hupenya ubavuni mwake, hukata risasi kama moto wa gesi unavyokata bati, kisha huirusha mbele kwenye chuma, ikaganda kama lehemu. Kichwa kinachofuata huikanyaga na kuiongezea. Baada ya risasi ishirini una ukoko.

Kanuni ninayoiamini, na ambayo sijaona ikinidanganya, ni kwamba kichwa cha risasi kiwe kipana kuliko kipenyo cha mifereji kwa sehemu moja hadi mbili za elfu ya inchi, yaani takribani milimita 0.025 hadi 0.05. Kwa bastola za .38 kipenyo cha mifereji kwa desturi ni inchi 0.357 na kichwa kinachofaa ni 0.358. Kwa bastola za milimita 9, mifereji huandikwa 0.355, lakini nimepima mitutu mingi iliyofika 0.356 na zaidi, na kichwa cha 0.356 ambacho kingeufaa mtutu mmoja huleta ukoko katika mtutu wa jirani yake. Kwa .45, mifereji ni 0.451 na kichwa ni 0.452. Kichwa kilichovikwa shaba hakina masharti haya, kwa kuwa shaba haiyeyuki kwa joto hilo la nukta ya sekunde, na ndiyo maana mtu aliyezoea risasi za shaba hushangaa bastola ile ile ikimkataa anapohamia kwenye risasi zisizovikwa shaba.

Nitaeleza kisa kimoja kwa sababu ndicho kilichonifundisha. Kule karakanani alikuja mzee mmoja mwenye bastola ya silinda ya .38, ameishikilia kwa kitambaa kama mtoto mgonjwa. Ukoko ulikuwa umejaa mwanzo wa mtutu, pale karibu na silinda, inchi moja ya kwanza, na mbele ya hapo palikuwa safi. Alikuwa amekwisha kubadilisha vichwa mara tatu, kila mara akinunua vigumu zaidi kwa ushauri wa muuzaji wake, na kila mara ukoko ukazidi. Mimi pia, nakiri, siku hiyo nilimwambia ajaribu vigumu zaidi ya hivyo. Alirudi baada ya wiki mbili, hali ni mbaya kuliko mwanzo, wala hakunilaumu. Aliiweka bastola juu ya meza akasema anadhani ameonewa na chuma chenyewe.

Ndipo bwana mkubwa wa karakana aliponiita na kunipa maikromita, chombo cha kupimia upana mdogo sana. Tulipima kichwa: 0.358, sawasawa. Tulipima mtutu: 0.357, sawasawa. Nikasema hapana kosa. Akaniambia nipime midomo ya silinda, yaani yale matundu ya mbele ambayo kichwa hupita kabla hakijaingia mtutuni. Yote sita yalikuwa 0.356, mengine pungufu ya hapo kidogo. Kwa hiyo kichwa kilichotoka dukani kikiwa na 0.358 kilibanwa na silinda hadi 0.356, kisha kikaingia katika mtutu wa 0.357 kikiwa kimekwisha kuwa chembamba, na gesi ikapata njia. Kichwa laini kingeweza, kwa kusukumwa kisogoni na shinikizo, kutanuka tena na kuziba mwanya. Kichwa kigumu hakikutanuka. Ndiyo sababu kila alipoongeza ugumu aliongeza ukoko. Tulipanua midomo ile ya silinda hadi 0.358 kwa kekee ya kusawazishia, kazi ya chini ya saa moja, akarudi kwenye vichwa vyake vya kwanza, vile laini vya bei nafuu. Aliporudi kutuonyesha, kitambaa kilitoka na masizi tu.

Kwa msomaji aliyeuliza, bastola yake ikiwa ya silinda, hapo ndipo ningeanzia. Kichwa cha risasi zake, kikichomolewa na fundi mwenye leseni au kikichukuliwa kabla hakijafungwa, kinapaswa kupita kwenye midomo ya silinda kwa kusukumwa kwa kidole kwa ugumu kidogo. Kikidondoka chenyewe ni chembamba mno, na kikikataa kabisa basi silinda inakibana. Jaribio hilo halihitaji chombo chochote. Kuna pia ugonjwa mwingine wa bastola hizi ambao hausemwi sana: pale mtutu unapofungwa kwa kuzungushwa kama parafujo kwenye mwili wa bastola, mara nyingine umekazwa mno kiwandani hadi chuma kikabanwa na kuwa chembamba mahali hapo. Kichwa hubanwa hapo, kisha hupita kikilegea hadi mwisho wa safari.

Namna ya kuujua mtutu wako ni kuupima kwa risasi yenyewe. Chukua chubwi, lile donge la risasi wanalofungia mishipi wavuvi wetu wa Likoni na Mtwapa; chubwi ni risasi laini karibu tupu, na hakuna kitu kinachofaa kazi hii kuliko hicho. Liwe nene kidogo kuliko tundu la mtutu. Hakikisha kwanza bastola haina risasi, toa silinda au fungua bastola yote, paka mafuta mtutuni, kisha lisukume chubwi taratibu kwa ufito wa shaba au wa mti mgumu hadi litoke upande wa pili. Usikilize mkono wako unaposukuma. Mtutu mzuri husukumika kwa ugumu ule ule toka mwanzo hadi mwisho. Ukihisi mahali panakaza kisha panaachia, umekwisha kupata jawabu hata kabla ya kupima. Kinachotoka kina chapa ya mifereji, na upana wake kwenye chapa hizo ndio kipenyo unachokitafuta. Upimaji uwe wa maikromita. Kalipa za kawaida tunazotumia kwa kazi nyingine haziaminiki katika sehemu moja ya elfu ya inchi, na sehemu hiyo ndiyo habari yote hapa. Mwenye mtutu wa mifereji mitano, kama zilivyo bastola nyingi za Smith & Wesson, ajue kwamba maikromita ya kawaida itamdanganya, kwa kuwa mfereji mmoja hukabiliana na tuta, yaani chuma kilichoinuka kati ya mifereji, wala si mfereji mwenzake; hiyo inataka maikromita yenye kitako cha pembe, na fundi wa vyuma mwenye vifaa kamili atakuwa nayo.

Bastola za kujipakia za milimita 9 zina hila yao. Mtu wa ng'ambo anayejaza maganda mwenyewe hununua vichwa vya 0.357, anavipima, anaridhika, na bado ukoko unakuja. Kosa liko ndani ya ganda. Kifaa kinachotanua mdomo wa ganda huwa kimetengenezwa kwa ajili ya vichwa vya shaba, ambavyo ni vyembamba na vigumu. Kichwa cha risasi kikisukumwa ndani ya ganda lililotanuliwa kidogo hivyo, ganda ndilo linalokikamua. Kisha mdomo wa ganda hubanwa ili usikwame, na ukibanwa kupita kiasi hukikamua tena. Nimechomoa vichwa vilivyoingia vikiwa 0.357 vikatoka 0.354. Wanaofanya kazi hii ng'ambo na wasiomjua mbaya wao wachomoe kichwa kimoja katika kila kundi na kukipima upya, kwa sababu upana wa kichwa unaohusika ni ule kilicho nao kinapotoka kwenye ganda.

Nimesema mengi kuhusu kipimo, lakini ugumu nao una nafasi yake, na si haki kuukana. Kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Brinell, risasi tupu ina ugumu wa 5, mchanganyiko uliotoka kwenye vyuma vya kusawazishia magurudumu ya magari una kama 10 hadi 12, na ule mchanganyiko wa herufi za mitambo ya kuchapia magazeti ya zamani, wenye risasi asilimia 84, antimoni 12 na bati 4, hufika 22. (Nadhani wahariri wa siku hizi hawajui kwamba mabaki ya mitambo hiyo yalitafutwa na walenga shabaha wa Marekani kama dhahabu.) Risasi ya .38 ya kawaida ina shinikizo lisilozidi pauni 17,000 kwa inchi mraba, na ya .45 lisilozidi 21,000; kwa shinikizo hilo ugumu wa 8 hadi 12 unatosha. Milimita 9, inayofika pauni 35,000, huvumilia mchanganyiko mgumu zaidi. Kichwa laini mno katika risasi yenye nguvu kubwa huteleza juu ya matuta badala ya kuzungushwa nayo, na hapo ukoko hushika kingo za matuta kwa urefu wote. Kwa hiyo ugumu una kazi, ila huja baada ya kipimo.

Mahali ukoko ulipo hueleza mengi. Ukiwa mwanzo wa mtutu, shuku upana wa kichwa, midomo ya silinda, au ganda. Ukiwa mwishoni, karibu na mdomo wa mtutu, shuku nta iliyopakwa kichwa ili kiteleze: ilikuwa kidogo, au ilikuwa dhaifu, ikaisha kabla ya safari kuisha. Ukitapakaa kote, uutazame uso wa chuma wenyewe.

Kuhusu nta na uso wa chuma, Mombasa ina shida zake ambazo vitabu vya Marekani havizitaji. Nta ya nyuki huyeyuka karibu na nyuzi 62, lakini mchanganyiko wa nta na mafuta laini hulegea mapema zaidi, na sanduku la risasi lililoachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani hapa mjini mwezi wa Februari linatosha kuilegeza ikatoka kwenye mfereji wake ubavuni mwa kichwa na kuteremkia kwenye baruti. Risasi hizo zitaleta ukoko, na nyingine hazitalipuka vizuri. Ziwekwe kivulini, kwenye kabati lililofungwa kama sheria inavyotaka. Ama upepo wa bahari, hauna huruma na chuma. Mtutu uliopigwa leo, ukawekwa bila kupakwa mafuta, hushika kutu ya madoadoa wakati wa masika ndani ya siku chache, na kila doa likishachimba chuma huwa kama jino la tupa linalokwangua kila kichwa kinachopita. Nimeona hapa Mombasa bastola yenye vipimo safi kabisa inayojaa ukoko kwa sababu hiyo peke yake, na mwenyewe alikuwa akilaumu risasi za kiwandani. Mtutu ukishaliwa hivyo husawazishwa na fundi kwa unga laini wa kung'arishia, na ukizidi hubadilishwa.

Nije kwenye ule ushauri wa pili, wa kupiga vichwa vya shaba ili vikombe ukoko. Huu ndio ulionifanya nishike kalamu. Ukoko umepunguza upana wa njia. Kichwa cha shaba, ambacho hakikubali kubonyea kama risasi, kinalazimishwa kupita katika njia iliyopungua, na shinikizo nyuma yake hupanda. Katika ukoko mwembamba hakuna kitakachotokea, na hapo ndipo watu hujidanganya kwamba dawa imefaa, ilhali sehemu ya risasi haikutoka, ilipigwa pasi tu ikalala bapa zaidi kwenye chuma. Katika ukoko mzito, chuma kinaweza kuvimba au kupasuka mkononi mwa mtu. Kiwanda cha Glock cha Austria, ambacho mitutu yake mingi haikuchongwa mifereji yenye kingo kali bali ina umbo la pembe zilizolainishwa, kimekataza vichwa vya risasi visivyovikwa shaba katika bastola zake, na mwenye bastola hiyo na atii katazo hilo, asitafute ukoko wa kuuondoa. Namwomba mhariri asahihishe jambo hili hadharani, kwa sababu waliosoma ushauri ule ni wengi kuliko aliyeuliza.

Kuutoa ukoko ni kazi ya subira, si ya nguvu. Paka mtutu mafuta mepesi yanayopenya, yale mafundi wa magari wanayonyunyizia boliti zilizoshika kutu, uache usiku kucha. Asubuhi chukua burashi kuukuu ya shaba ya kipimo cha bastola yako, uizungushie nyuzi za shaba nyekundu za kusugulia masufuria hadi ikaze mtutuni, uisukume kutoka upande wa chumba, yaani nyuma pale risasi inapokaa, kuelekea mdomoni, ikishindikana upande wa mdomoni kwa uangalifu usikwaruze ncha. Mara kumi au kumi na tano, ukoko hutoka vipande vipande. Lakini hizo nyuzi ziwe shaba kweli. Nyingi zinazouzwa katika masoko yetu ya Kongowea na Marikiti ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba; peleka sumaku dukani, kikinata ukirudishe. Chuma kitachora mtutu, na kila mchoro utakuwa mwanzo wa ukoko mwingine. Wapo pia wanaochanganya siki na dawa ya hidrojeni peroksaidi ili iyeyushe risasi. Huyeyusha kweli, lakini kinachobaki ni chumvi ya risasi inayoyeyuka majini, sumu inayoingia mwilini kwa urahisi kuliko madini yenyewe, na maji hayo hula chuma pia. Nasihi yasifanywe nyumbani wala karakanani.

Na kuhusu sumu, sisi wa Mombasa hatuhitaji kusimuliwa kwa mbali. Watu wa mtaa wetu wa Owino Uhuru walivuta na kunywa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, mama mmoja, Phyllis Omido, akainuka baada ya damu ya mwanawe kupatikana na risasi, na mwaka 2020 mahakama hapa mjini ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi ile haina tofauti na hii tunayoikwangua mtutuni. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto huumia kwa kidogo kuliko mtu mzima, hasa ubongo. Basi vitambaa vilivyotumika vifungwe kwenye mfuko na visiachwe jikoni, meza ipanguswe kwa kitambaa kibichi wala isifagiliwe kavu, na mikono ioshwe kwa sabuni na maji baridi kabla ya kushika sambusa. Moshi wa kiwanjani nao una risasi, kwa kuwa fataki nyingi za risasi za bastola, yaani vile vijikofia vya nyuma vinavyowasha baruti, zimetengenezwa kwa kemikali ya risasi. Shati lililovaliwa huko lisifuliwe pamoja na nguo za watoto. Nina wajukuu watatu, na viatu vyangu vya kiwanjani haviingii ndani ya nyumba.

Ndugu aliyeuliza asinunue kitu chochote kwa sasa. Atazame ukoko uko sehemu gani ya mtutu, asukume kichwa kimoja kwenye kila mdomo wa silinda kwa kidole, na akitaka kupima mtutu, chubwi la shilingi chache litamtosha. Vipimo akivipata na avilete kwenye ukurasa huu, namba tu, 0.357 au 0.358 au vyovyote vitakavyokuwa, nami nitamjibu nikiwa hai.

Ni mimi,
Fundi wa vyuma mstaafu,
Majengo, Mombasa.